Debe Lililojaa

"Maharage yangu yamekonda," alisema Ambindwile, na watu waliokuwa wakipita sokoni Tukuyu wakasimama, maana maneno ya namna hiyo hayasikiki kila siku.

Alikuwa amemimina debe alilouziwa na Husseni ndani ya kikapu chake, na sasa alikitazama kikapu hicho kama mtu aliyeletewa mahari pungufu. Kikapu kilikuwa kilekile. Maharage yalikuwa yaleyale, mekundu yenye madoa, aliyoyavuna mwenyewe kule Lufingo na kumwuzia Husseni palepale shambani. Kisha mvua ikanyesha bila adabu, ikaozesha maua ya maharage milima yote, na Ambindwile akabaki na migomba yake bila punje ya mbegu. Ndipo akaja mjini kuyanunua tena. Aliuza debe moja, amenunua debe moja, bei ileile iliyoandikwa ubaoni. Lakini siku ile kikapu kilifurika, na leo kilikuwa na nafasi ya kumlaza mtoto mchanga.

"Yamekauka, mzee," Husseni alimjibu huku akimkonyeza jirani wa kibanda cha pili. "Hata wewe tukikuweka darini tangu mavuno, ukitoka utakuwa umepungua."

Watu wakacheka. Kuruthumu, mkewe Husseni, aliyekuwa nyuma ya kibanda akipembua mawe kwenye ungo, naye akacheka. Kicheko hicho alikuja kukijutia.

"Ulipokuja kwangu," Ambindwile alisema bila kupandisha sauti, "ulijaza debe mpaka likavaa kilemba. Leo umelipitishia ubao. Nakuuliza, kilemba kiko wapi?"

Kila jicho likaenda kichwani kwa Husseni, kwenye kofia yake ya kufuma.

"Amekivaa mwenyewe!" akapaza sauti muuza tumbaku, na safari hii kicheko kilikuwa na meno.

Kilemba walikiita lile rundo linalosimama juu ya mdomo wa debe. Shambani mchuuzi humimina mpaka punje zianze kuteleza pembeni, ndipo aseme limejaa. Sokoni mchuuzi huyohuyo hupitisha kipande cha ubao juu ya mdomo, akafuta kila kilichozidi, naye husema limejaa. Tangu serikali ipange bei na kuibandika ubaoni, hapakuwa tena na nafasi ya kuongeza senti wala kupunguza, kwa hiyo faida yote ikahamia kwenye kilemba. Kilemba ndicho kilichomshonea binti yao Mwanabibi sare ya shule. Kilemba ndicho kilichowasha taa ya mafuta nyumbani kwao, mtaa wa Bagamoyo. Hakuna aliyekiita wizi. Walikiita kazi.

"Debe limejaa," alisema Husseni.

"Halijajaa."

"Limejaa, bwana we! Kamati ya Bei imesema debe lililojaa, nami nilikuwemo!"

"Mimi pia nimesikia Kamati imesema lililojaa. Ndiyo maana nakwambia halijajaa."

Mgambo alipofika, alilitazama debe, akamtazama Husseni, akaona kwamba kati ya hivyo viwili ni kimoja tu kinachoweza kutembea chenyewe. Akavichukua vyote viwili. Gunia la maharage lililobaki likafuata kwenye toroli.

Hiyo Kamati ya Bei ilizaliwa kwa simu. Kila wiki Ackson, karani wa biashara, alipiga simu Mbeya kusoma bei za wilaya, na kila wiki Mbeya walimgombeza. Lufingo wanasema debe la maharage bei hii, Mpuguso wanasema ile, mjini wanasema nyingine. Je, nyinyi ni wilaya moja au nchi tatu? Na ndizi je? Mpuguso waliandika "mkungu wa wastani". Lufingo waliandika "mkungu wa kubebwa na mwanamume". Mbeya wakauliza, mwanamume yupi?

Basi ikaundwa kamati ya kutunga fomu moja, ili bei ikisomwa Tukuyu ieleweke Mbeya, na ikisomwa Mbeya ieleweke Dar es Salaam. Wajumbe walikuwa Atuganile kutoka Lufingo, Meshaki kutoka Mpuguso, na Husseni kwa niaba ya wachuuzi wa mjini. Walibishana kutwa nzima. Mwishowe ni Husseni aliyesimama, akanyoosha kofia yake, akasema, "Ndugu zangu, mbona jambo ni dogo? Tuandike debe lililojaa. Nani asiyejua kujaa?" Wakapiga makofi. Ackson akaandika. Kila mjumbe akarudi kwao na kujaa kwake.

*

Ofisi ya kata haikuwa na mahabusu. Husseni alifungiwa stoo ya nyuma, pamoja na majembe ya kijiji na mbolea iliyolowa. Kuruthumu alimpelekea uji. Mgambo aliyelinda mlango akauchukua mtungi.

"Lazima nionje. Huenda kuna msumeno ndani."

Akautafuta huo msumeno mpaka nusu ya mtungi.

"Umeupata?" aliuliza Kuruthumu.

"Bado, ila sukari nimeikosa kabisa. Kesho weka sukari, mama."

Husseni alisogeza uso kwenye dirisha la nondo. Usiku mmoja ulikuwa umemzeesha. Ndevu zilikuwa zimeingia vumbi jeupe la mbolea, na kofia hakuwa nayo.

"Imekwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Wameiandika kielelezo." Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Mama Mwanabibi, sikiliza. Jumamosi lori linakwenda Mbeya. Nikipakiwa kwenye lori hilo, nimekwisha. Watanifungulia kesi ya ulanguzi, na kibanda atapewa mtu mwingine. Nenda kwa Ackson. Kijana yule nilimtafutia viatu kwa bei ya rafiki."

Kuruthumu alikwenda kwa Ackson. Alisubiri kwenye benchi mpaka benchi likamjua. Watu waliokuja nyuma yake waliitwa mbele yake. Alipoingia hatimaye, Ackson alikuwa anamenya ndizi ya kuchoma, naye hakumwambia aketi.

"Ndugu Kuruthumu, mimi mwenyewe nasikitika," alisema. Viatu vya bei ya rafiki vilikuwa chini ya meza, vinang'aa. "Lakini shauri hili si la mtu, ni la neno. Kamati iliandika lililojaa. Ijumaa Kamati itakaa kueleza maana yake. Wakisema kujaa ni kufutwa, mumeo hakukosa, anarudi nyumbani. Wakisema kujaa ni kilemba, amewapunja wananchi. Lori lipo."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi karani, mama. Sina debe." Akala ndizi. "Husseni hawezi kukaa kwenye kikao kinachomhusu. Wanabaki Meshaki na Atuganile. Mpuguso kwenye mnada wao hufuta, najua Meshaki atasema kufuta. Lufingo ni kilemba tupu. Wasipopatana, faili lote naliandika liende Mbeya, na mumeo juu yake."

"Kwa hiyo maisha yetu yako mkononi kwa Bibi Atuganile."

"Yako kwenye mdomo wa debe," alisema Ackson, na aliridhika sana na jibu lake, akaonekana kama analitafutia pahali pa kuliandika.

*

Njia ya Lufingo ilikuwa tope jekundu, kupanda na kushuka, na mvua ile ya Rungwe isiyonyesha wala kukatika. Kuruthumu alivua kandambili, akazishika mkononi. Alikuwa ameipita njia hii mara nyingi akiwa nyuma ya mumewe, magunia matupu begani, na kila mara Atuganile aliwapa maziwa ya mgando kabla ya biashara. Leo hakuwa na gunia. Alikuwa na maneno tu, nayo alikuwa ameyarudia njia nzima mpaka yakaanza kunuka uongo.

Atuganile alikuwa barazani akimenya ndizi mbichi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umri, mjane, na Kiswahili chake kilipita kwanza kwa Kinyakyusa kabla ya kufika mdomoni.

"Kulusumu! Ingia, mwanangu, utaota magugu hapo nje. Ndaga, asante kwa kuja. Huseni hajambo?"

"Juba, mama yangu, Husseni yuko stoo ya majembe. Unajua."

"Najua." Aliendelea kumenya. "Nimeuliza tu ili uanze."

Kuruthumu alipiga magoti barazani. Hakuwa amepanga kupiga magoti, miguu ilijiamulia yenyewe.

"Juba, Ijumaa sema kujaa ni kufutwa. Nakuomba. Ukisema kilemba, mume wangu anakwenda Mbeya."

Kisu kikasimama.

"Kujaa ni kufutwa," Atuganile alisema polepole, kama anayeonja kitu asichokijua. "Haya. Basi nieleze. Kama debe limejaa likiwa limefutwa, ule mlima wa juu mliokuwa mnauchukua hapa kila mavuno ulikuwa nini?"

Kuruthumu alibandua tope kwenye kandambili zake.

"Ulikuwa nini, gwe mwana? Bei ya debe mlinipa. Mlima mliupa jina gani?"

"Labda... zawadi, juba."

"Ahaa! Sawadi!" Bibi alicheka mpaka maganda yakamwanguka mapajani, na cheko lile lilimwumiza Kuruthumu kuliko tusi. "Kumbe miaka yote nawapa sawadi! Mimi mjane wa Lufingo namlisha mwenye duka wa Tukuyu! Na hakuna hata siku moja mlisema ndaga."

Kuruthumu alitazama chini. Punje ya haragwe ilikuwa imenasa kwenye ufa wa sakafu ya udongo, imeoza, ina mche mweupe.

"Sikiliza shida yangu na mimi," alisema Atuganile, sasa bila kucheka. "Mwaka huu Lufingo hatuuzi. Mwaka huu tunanunua mbegu. Kilemba ni chakula chetu mwaka huu. Nikisema kufuta, Ambindwile na wenziwe watanitemea mate njiani. Lakini mvua si mume, haikai milele. Tutavuna tena, tutauza tena. Hapo kufuta ndiko kutatulinda. Umeona? Unaniomba niwanyang'anye watu wangu leo."

"Naona, juba."

"Nitasema kufuta. Lakini na wewe utasema kitu. Ackson ataandika kufuta sokoni, najua, maana kesi ni ya sokoni. Akimaliza, wewe utasema: na shambani."

Kuruthumu alipiga hesabu. Sokoni na shambani. Anunue debe lililofutwa, auze debe lililofutwa, bei ni ileile ya ubaoni. Katikati yake hapapiti hata punje.

"Juba, si useme mwenyewe? Wewe ni mjumbe."

"Nikisema mimi watasema mkulima kazoea kulia. Akisema mke wa mchuuzi, nani atabisha?" Akaokota kisu. "Mimi sikuapishi. Sina Msahafu hapa, na Biblia yangu huijui. Kasi kwako."

Walipoagana, bibi alimfungia ndizi kwenye majani. Hakuwa na maharage ya kumpa. Angekuwa nayo, walijua wote wawili, angeyapima kwa kilemba.

*

Ijumaa chumba cha ofisi kilijaa, na hapo hakuna aliyebishana kujaa ni nini. Wa Lufingo walisongamana dirishani, Ambindwile mbele yao na kikapu chake kitupu begani kama bendera. Husseni aliletwa, akasimamishwa pembeni kati ya mgambo wawili. Kuruthumu alisimama mlangoni, kwa vile hakuwa mjumbe, wala shahidi, wala mtu yeyote.

Meshaki alisema kwa kifupi. Mpuguso hufuta, tangu babu zao hufuta, na mtu akiacha kilemba watu humwuliza kama anaumwa.

"Lufingo?" aliuliza Ackson, kalamu juu.

Atuganile alikuwa ameketi ameshika mikono yake mwenyewe. Ackson akafikiri hakusikia, akarudia.

"Lufingo," alisema Atuganile, "inafuta."

Dirishani pakalipuka.

"Wamekununua!" Ambindwile alipiga kelele. "Wamekupa nini, juba? Kanga? Sabuni? Sema wamekupa nini!"

Bibi hakugeuka. Kuruthumu aliona shingo yake tu, na mishipa miwili iliyosimama, na kanga iliyochakaa mabegani ambayo hakuna mtu angeweza kusema ni ya hongo.

"Utulivu, ndugu!" Ackson aliandika huku akijisomea kwa sauti. "Debe lililojaa, maana yake, ni debe lililofutwa kwa ubao mdomoni, likiuzwa sokoni. Wajumbe wamekubaliana. Kwa hiyo ndugu Husseni hana kosa." Akainua kichwa. "Kuna la kuongeza kabla sijapiga simu?"

Husseni alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alimtafuta mkewe kwa macho, akampata, akaweka mkono kifuani. Midomo yake ilisema alhamdulillahi.

Hapakuwa na la kuongeza. Yalikuwa yamekwisha. Kuruthumu alihitaji tu kusimama pale mlangoni na kupumua, na angerudi nyumbani na mume, na kibanda, na kilemba cha mavuno yajayo. Mtu hafungwi kwa kunyamaza.

Atuganile hakumtazama. Angemtazama, labda Kuruthumu angepata sababu ya kukasirika, na hasira ingemsaidia. Lakini bibi alikuwa anatazama dirishani, kwa Ambindwile, mtoto wa jirani yake, ambaye sasa alikuwa amegeuza kikapu chini juu na kukikung'uta, aone kila mtu kilivyo kitupu.

"Na shambani," alisema Kuruthumu.

"Nani huyo?" Ackson alinyoosha shingo.

"Andika na shambani." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sokoni na shambani. Sisi tukienda kununua, tufute vilevile. Ukiandika sokoni tu, fomu yako itakuwa na madebe mawili tena, na Mbeya watakugombeza."

Ackson alifikiria Mbeya. Kalamu ikashuka.

"So-ko-ni na sham-ba-ni," aliandika.

Mkono wa Husseni ulikuwa bado kifuani, lakini sasa ulionekana kama mkono wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mfukoni na hakioni.

Walimrudishia kofia. Kuhusu gunia, Ackson alisema litabaki kwanza kwa ushahidi.

"Ushahidi wa nini, na kesi imekwisha?" aliuliza Kuruthumu.

"Wa kwamba imekwisha," alisema Ackson.

*

Walitembea mpaka mtaa wa Bagamoyo, mvua ikiwapiga sawasawa. Jirani mmoja alitoka na kumpigia Husseni vigelegele. Husseni alimwinulia mkono, akaendelea kutembea.

Nyumbani alioga, akaswali, akaketi kwenye mkeka karibu na moto. Mwanabibi alimkalia mguuni na kumwuliza kama majembe ya stoo yalikuwa yanaota usiku. Husseni alimshusha mkekani.

"Nilidhani umekosea," alisema mwishowe, akitazama moto. "Nilidhani hofu imekupagawisha, ukasema neno bila kulijua."

"Sikukosea, Baba Mwanabibi."

"Mimi mchuuzi tangu sijaota ndevu. Nieleze basi. Nikinunua kwa kufuta na kuuza kwa kufuta, mimi ninakula nini? Ninakula ubao?"

"Sijui."

"Hujui! Umesimama mbele ya kamati, mbele ya Ambindwile, umetoa riziki ya mtoto huyu mdomoni, na hujui!"

"Wangekuchukua."

"Walikwisha kuniacha! Nilisikia kwa masikio yangu! Hana kosa, alisema. Wewe ndiye uliyeongeza!"

Kuruthumu alimwona tena Atuganile na shingo yake. Alijua akilieleza litakuwa jambo la kipumbavu, la mwanamke na mwanamke barazani Lufingo, na Husseni angeuliza lina uzito gani kwenye mizani.

Aliinuka, akachukua mtungi uliokuwa nyuma ya mlango. Ndani yalikuwa maharage yaliyobaki, yale aliyokuwa akipembua siku ile sokoni. Akachota kwa kopo la maziwa, lile lililokuwa kipimo cha mboga yao tangu waoane, akalishika juu ya sufuria. Punje zilisimama juu ya mdomo wa kopo, zikiteleza moja moja. Akasita. Kisha akapitisha kiganja juu yake, polepole, na kilemba kikarudi mtungini kwa mlio mdogo.

Mwanabibi alikuwa akitazama.

"Mama, halijajaa," alisema.

Husseni naye aligeuka. Alilitazama kopo, akamtazama mkewe, akafungua kinywa.

"Limejaa," alisema Kuruthumu, akamimina kwenye maji yanayochemka. "Baba yako ndiye aliyelileta neno hilo kwenye Kamati. Mwulize."